Kupakia Cessna 172 kwenye simuleta kama rubani wa kweli: mwongozo kamili wa uzito na urari

Pembeni mwa skrini yangu nimebandika karatasi ya jedwali dogo: uzito, mkono, momenti. Sipaishi ndege ndogo ya Cessna 172 kabla sijaijaza karatasi hiyo kwa kalamu, hata kama safari ni ya dakika ishirini. Ukurasa wa kupakia ndege, ule ambao wengi huupita haraka wafike kwenye kuruka, ndio sehemu ya simuleta iliyonifundisha urubani kuliko nyingine zote.

Microsoft Flight Simulator na X-Plane, programu mbili za kuigiza urubani kwenye kompyuta, zote zina ukurasa huo. Kuna vitelezi vya abiria, mizigo na mafuta. Unasukuma huku na huku, alama ikibaki ndani ya mipaka unaondoka. Ni chombo kizuri, lakini kinakupa jibu bila hesabu. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hadi wa mwisho ni mmoja: piga hesabu yako kwanza kwenye karatasi, kisha ndipo uguse kitelezi. Simuleta iwe ya kuhakiki jibu, isiwe ya kukupa jibu.

Nitatumia Cessna 172S, kwa kuwa ndege ya aina hii imo kwenye simuleta zote mbili na takwimu zake zinajulikana vizuri. Safari yetu ni kutoka Wilson, Nairobi, hadi uwanja wa Moi, Mombasa.

Maneno ya kuyashika kabla ya namba

Umewahi kumwona mtu anayebeba maji kwa mzega, madumu mawili, moja kila ncha. Akiinuka, husogeza bega mpaka mti utulie. Dumu moja likiwa zito zaidi, bega husogea kulielekea. Pale bega linapotulia ndipo penye kitovu cha uzito, ambacho marubani hukiita CG (center of gravity). Ndege nayo ina mti wake, kuanzia puani hadi mkiani, na madumu yake ni watu, mizigo na mafuta.

Ili kujua dumu liko wapi, tunahitaji mahali pa kuanzia kupima. Kwenye 172S, mahali hapo ni uso wa mbele wa sehemu ya chini ya ukuta unaotenganisha injini na chumba cha rubani. Umbali kutoka hapo hadi kitu fulani, kwa inchi, ndio mkono wake. Uzito mara mkono ni momenti. Ukijumlisha momenti zote na kuzigawa kwa uzito wote, unapata CG kwa inchi. Hesabu yote ni hiyo, kuzidisha, kujumlisha na kugawanya.

Vipimo vya kitabu cha ndege hii ni pauni, inchi na galoni za Marekani. Sisi tunafikiri kwa kilo, kwa hiyo zidisha kilo kwa 2.205. Petroli ya ndege ndogo ina pauni 6 kwa galoni. Ukihamia ndege ya injini ya tabaini (turboprop) kama Cessna Caravan, mafuta yake ni mazito zaidi, takriban pauni 6.7 kwa galoni. Kuchanganya vipimo ndilo kosa linalorudi kila mara. Mtu anaandika 75 akimaanisha kilo, simuleta inasoma pauni, na ndege inapaa na abiria wenye uzito wa watoto.

Hatua ya kwanza: takwimu za ndege yenyewe

Unahitaji uzito wa ndege tupu na momenti yake. Kwenye simuleta, shusha vitelezi vyote hadi sifuri, mafuta pia, usome uzito unaobaki. Kwa mfano wetu nitachukua ndege yenye uzito mtupu wa pauni 1,642 na momenti 62,600. Ukigawanya utaona CG yake tupu iko inchi 38.1.

Kisha mikono. Viti vya mbele 37. Viti vya nyuma 73. Mafuta 48. Sehemu ya mizigo A, nyuma tu ya viti, 95. Sehemu B, ndani zaidi kuelekea mkiani, 123.

Mwisho, mipaka. Uzito wa juu kabisa ukiwa bado ardhini ni pauni 2,558, na wakati wa kupaa ni 2,550. Tofauti ya pauni 8 ni mafuta ya kuwasha injini na kutembea hadi njia ya kurukia. Mizigo A haizidi pauni 120, B haizidi 50, na zote mbili kwa pamoja hazizidi 120. Mpaka wa nyuma wa CG ni inchi 47.3 kwa uzito wowote. Mpaka wa mbele ni inchi 35 hadi pauni 1,950, halafu unarudi nyuma inchi moja kwa kila pauni 100 zinazoongezeka, mpaka ufike inchi 41 kwenye pauni 2,550.

Mpaka huo wa mbele unaohama ndio wengi hawaujui. Wanakariri 35 na 47.3 wakidhani ni sanduku la mraba, kumbe pembe moja imekatwa mshazari. Ndege nyepesi inaruhusiwa kuwa na uzito mbele kuliko ndege iliyojaa.

Hatua ya pili: watu wa kweli, si watu wa wastani

Simuleta hujaza viti uzito wa kukadiria. Ufute. Weka uzito wako wewe, ukiwa na nguo na viatu, kisha weka watu unaowajua.

Hili si jambo dogo. Tarehe 8 Januari 2003, Beechcraft 1900D ilianguka mara baada ya kupaa Charlotte, Marekani, na watu wote 21 waliokuwamo walikufa. Wachunguzi walikuta nyaya za elevata, bapa la mkiani linaloinua na kushusha pua, zilirekebishwa vibaya, na juu ya hilo CG ilikuwa nyuma kupita mpaka. Karatasi ya hesabu ilionyesha kila kitu sawa, kwa sababu ilitumia uzito wa wastani uliokuwa chini ya uzito halisi wa abiria. Baada ya hapo mamlaka ya Marekani ikapandisha viwango vya wastani.

Watu wetu: rubani kilo 80 na mwenzake wa mbele kilo 70, jumla kilo 150 au pauni 331. Nyuma kilo 75 na kilo 60, jumla 135 au pauni 298. Begi mbili za pamoja kilo 20, pauni 44, sehemu A.

Hatua ya tatu: mafuta, na uamuzi wa kuacha kitu

Matangi yanabeba galoni 53 zinazotumika, yaani pauni 318. Jumlisha: 1,642 na 331 na 298 na 44 na 318 ni 2,633. Tumezidi kikomo cha ardhini kwa pauni 75.

Hapa ndipo mchezaji hugeuka rubani. 172 ina viti vinne na matangi makubwa, lakini haibebi vyote viwili vikiwa vimejaa. Lazima uchague. Umbali wa Nairobi hadi Mombasa kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 440, zaidi kidogo ya saa mbili. Tukikadiria galoni 9 kwa saa na nyongeza ya kupanda, galoni 20 zinatosha safari. Mimi huongeza saa nzima ya akiba, galoni 9, na zile pauni 8 za ardhini. Tunahitaji takriban galoni 31.

Ndani ya mdomo wa kila tangi la 172S kuna ulimi wa chuma. Ukijaza hadi chini ya ulimi huo unapata galoni 17.5, na kwa matangi mawili ni 35. Hicho ndicho kipimo ambacho rubani wa kweli anaweza kukiona kwa macho akiwa juu ya ngazi, basi nakitumia hata kwenye simuleta. Galoni 35 ni pauni 210.

Hatua ya nne: jedwali

Ndege tupu: 1,642, momenti 62,600
Viti vya mbele: 331 × 37 = 12,247
Viti vya nyuma: 298 × 73 = 21,754
Mizigo A: 44 × 95 = 4,180
Mafuta: 210 × 48 = 10,080
Jumla: pauni 2,525, momenti 110,861

Gawanya, CG ni inchi 43.9. Toa pauni 8 za kutembea ardhini na momenti yake 384. Unapaa na pauni 2,517, CG bado 43.9. Kwa uzito huo mpaka wa mbele ni 40.7 na wa nyuma 47.3. Tumo ndani.

Usiishie hapo. Piga tena hesabu ya kutua. Galoni 20 zikiungua ni pauni 120 na momenti 5,760. Zinabaki pauni 2,397 na momenti 104,717, CG 43.7. Imesogea mbele kidogo tu, kwa sababu mafuta ya 172 yako karibu na kitovu. Ndege nyingine hazina huruma hiyo, na kuna zinazoanza safari ndani ya mipaka na kuimaliza nje. Kwa hiyo jizoeze kuhesabu ncha zote mbili za safari.

Na kuwa ndani ya mipaka hakumaanishi ndege itapanda vizuri. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho joto la kawaida la kitabu ni nyuzi 4. Siku ya nyuzi 25 umezidi kwa 21, na kila nyuzi moja huongeza takriban futi 120, kwa hiyo injini na mabawa vinajiona viko kama futi 8,000. Usawa wa bahari, 172S iliyojaa hukimbia futi 960 ardhini kabla ya kuinuka. Huku juu tarajia karibu mara mbili. Punguza utajiri wa mchanganyiko wa mafuta na hewa kabla ya kupaa, maana ukiuacha umesukumwa hadi mwisho kama ulivyozoea viwanja vya pwani, unajinyima nguvu unayoihitaji.

Hatua ya tano: mfano mbaya, kwa makusudi

Sasa pakia ndege vibaya kwenye karatasi. Rubani mwembamba wa kilo 60 peke yake mbele, pauni 132. Nyuma marafiki wawili wa kilo 95, pauni 419. Mizigo A imejaa pauni 120. Mafuta galoni 20, pauni 120.

Uzito: 2,433. Uko pauni 117 chini ya kikomo, na mtu anayetazama uzito tu angeondoka kwa amani. Momenti: 62,600 na 4,884 na 30,587 na 11,400 na 5,760 ni 115,231. CG ni 47.36, nje ya mpaka wa nyuma. Hata mafuta yakiisha yote inabaki 47.3 na ushee, bado nje.

Dawa ni rahisi. Mwambie rafiki mmoja aje mbele. Pauni 209 zikisogea inchi 36 zinapunguza momenti 7,524, na CG inarudi 44.3. Hakuna kilichoteremshwa, mtu amebadilisha kiti tu. Mfano huu mmoja ulinielewesha urari kuliko maelezo yote niliyokuwa nimesoma.

Hatua ya sita: lahajedwali

Ukishafanya kwa mkono mara tatu au nne, hamishia kwenye Excel au programu yoyote ya bure inayofanana nayo. Safu A majina, B uzito, C mkono, D ni =B2*C2 ukiivuta kushuka. Tuseme ndege tupu ni mstari wa 2, makundi mengine yanafuata hadi mstari wa 7, na jumla iko mstari wa 8. CG ni =D8/B8. Mpaka wa mbele ni =IF(B8<=1950,35,35+(B8-1950)/100). Weka rangi nyekundu CG ikiwa ndogo kuliko mpaka huo au ikizidi 47.3, na uzito ukipita 2,558. Ongeza safu ya kilo inayojigeuza kuwa pauni, ili usizidishe kichwani ukiwa umechoka.

Tengeneza yako mwenyewe badala ya kupakua ya mtu. Ya kupakua ikiwa na mkono mmoja uliokosewa hutajua kamwe, na yako ukikosea utalikuta kosa mwenyewe.

Hatua ya saba: kuisawazisha simuleta na karatasi

Ingiza mfano mzuri, kituo kwa kituo, kisha soma uzito. Ukitofautiana na wako kwa pauni moja au mbili ni kukadiria tu. Ukitofautiana sana, angalia kwanza vipimo.

CG ndiyo inayochanganya, kwa sababu simuleta mara nyingi haiionyeshi kwa inchi za kitabu. Microsoft Flight Simulator huionyesha kwa asilimia ya upana wa wastani wa bawa, kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Huna haja ya kutafuta fomula. Ingiza mfano mzuri, andika asilimia. Ingiza mfano mbaya, andika asilimia. Kwenye karatasi tofauti yao ni kama inchi 3.5. Simuleta ikionyesha tofauti ya karibu asilimia 6, basi kila asilimia moja ni takriban inchi 0.58, na unaweza kubadili namba yoyote kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Tofauti ikiwa mbali na hapo, huenda aliyeiunda ndege ameweka viti mahali pasipo pake. Kwa ndege ambazo faili zake ziko wazi, fungua flight_model.cfg na utafute sehemu iliyoandikwa WEIGHT_AND_BALANCE. Kila mstari wa station_load una uzito na mahali kituo kilipo, kwa futi, na mbele ndiko kunakohesabiwa chanya. Usihangaike na wapi kipimo kinaanzia. Angalia tofauti tu: kutoka viti vya mbele hadi vya nyuma vya 172S ni inchi 36, yaani futi 3 kamili. Mistari hiyo miwili isipotofautiana kwa 3, umepata kosa. Hifadhi nakala ya faili kabla ya kubadilisha herufi hata moja.

Hatua ya nane: kuihisi hewani

Hesabu isiyofika mikononi haikai. Panda hadi futi 9,000 juu ya uwanda ulio wazi, mwendo wa noti 90 (maili za baharini kwa saa), weka trimu, kidhibiti kinachoshikilia pua mahali pake bila wewe kuvuta, mpaka ndege iruke bila kuguswa. Andika gurudumu la trimu limesimama wapi. Vuta pua taratibu hadi mwendo upungue kwa noti 10, kisha achia. Ndege iliyopakiwa vizuri itashusha pua yenyewe, itapitiliza mwendo, itainuka tena, na mawimbi hayo yatazidi kuwa madogo.

Rudia na mfano mbaya. Trimu imesogea kushusha pua. Joistiki imekuwa nyepesi, kidole kinatosha. Ukiachia, ndege inachelewa kurudi, kana kwamba haikumbuki mwendo wake. Sasa ipunguzie mwendo hadi mabawa yakose mwinuko, ile hali ya stoli, na usukume mbele. Utaona jinsi pua inavyosita kushuka. Huo ndio mpaka wa nyuma unaokuambia kwa nini upo.

Kisha pakia upande wa pili, watu wawili wazito mbele, nyuma hakuna mtu wala mzigo. Mkia sasa unalazimika kusukuma chini kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo bawa linaibeba kama uzito wa ziada. Stoli inakuja kwa mwendo wa juu kidogo, na wakati wa kutua utavuta sana kabla pua haijainuka. Usipovuta vya kutosha, gurudumu la mbele linagonga lami kwanza. Nimevunja magurudumu mengi ya mbele kwenye simuleta kabla sijaelewa kwamba kosa lilikuwa kwenye viti, na mkono wangu ulikuwa unafanya kazi yake sawasawa.

Ukihamia ndege kubwa

Hesabu ni ileile, zana tu ndizo hubadilika. SimBrief, huduma ya mtandaoni, inakuandalia mpango wa safari wenye idadi ya abiria, mizigo na mafuta. A32NX ya FlyByWire, ndege ya simuleta ya aina ya Airbus A320neo ambayo ni ya bure, inauvuta mpango huo kwenye kompyuta ya mkononi ya rubani na kuipakia ndege. Namba mbili ndizo za kushika: uzito wa ndege na mzigo wake bila mafuta, na CG ya hali hiyo kwa asilimia. Unaziandika kwenye kompyuta ya safari, uzito ukiwa kwa tani. Kisha weka trimu ya mkia kulingana na CG ya kupaa, na uhakikishe gurudumu la trimu limefika hapo kweli.

Linganisha namba za skrini mbili kabla ya kusukuma nguvu. Mwezi Julai 2020, Boeing 737 iliyokuwa ikitoka Birmingham kwenda Palma ilipaa na karatasi ya mzigo iliyopungua kilo 1,244. Programu ya kusajili abiria iliwahesabu wanawake walioandikwa kwa cheo cha "Miss" kuwa watoto, kilo 35 badala ya 69. Ndege ilifika salama, na ripoti ya wachunguzi wa Uingereza inaeleza kosa hilo. Mimi huhesabu abiria kwenye mpango, nazidisha kwa uzito uliowekwa kwa kila mmoja, naongeza mizigo na uzito wa ndege tupu, nilinganishe na kilichoandikwa. Inachukua dakika moja, na wakati huo milango ya ndege bado iko wazi.